Maswali ya Wasomaji: Kupima Godauni kwa Leza

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni ile mashine yenye kichwa kinachozunguka juu ya stendi ya miguu mitatu, ambayo siku hizi inaonekana ndani ya maghala ya Vingunguti, Chang'ombe na Kurasini. Majengo mengi ya maeneo hayo yamebadili wenyewe zaidi ya mara moja, michoro yake haijulikani iliko, na sasa mtu akitaka kuongeza raki, kubadili paa au kuuza jengo anaambiwa kwanza atafute modeli ya kompyuta. Nimechagua barua tano na kuzifupisha bila kupotosha maana yake.

Fundi wangu alikwisha kupima kwa futikamba. Nilipe tena kwa nini?

*Nina godauni kando ya Barabara ya Nyerere, lenye urefu wa mita 120 na upana wa mita 36, ambalo marehemu baba alilinunua likiwa limekwisha kujengwa. Michoro hatuna. Nataka kujenga sakafu ya pili ya chuma upande mmoja, na mhandisi ameniambia hawezi kuanza hesabu zake mpaka jengo lipimwe kwa leza na kutengenezewa modeli. Fundi wangu wa siku nyingi alilipima kwa futikamba kwa siku mbili na vipimo vyote anavyo daftarini. Je, hii si njia ya kuniongezea gharama tu? — Mwenye ghala, Ilala*

Daftari la fundi wako usilitupe, mzee wangu, kwa kuwa nitalihitaji kabla sijamaliza jibu hili.

Futikamba hupima pale tu ilipofikishwa. Nina hakika fundi wako anao urefu wa ukuta hadi ukuta, umbali wa nguzo kwa nguzo, na pengine kimo cha ukingo wa paa ikiwa alipata ngazi ndefu. Sidhani kama anacho kimo cha kila papi (chuma au ubao unaobeba mabati), mteremko wa sakafu kutoka mlango hadi mlango, mahali bomba la maji ya zimamoto linapopita chini ya boriti za paa, wala kiasi ambacho kila nguzo imeinama. Mhandisi anayetaka kutia sakafu ya pili ndani ya jengo asilolijua anahitaji hayo yote, na akiyakosa atafanya kile ambacho mhandisi mwangalifu hufanya siku zote, yaani kuongeza chuma kwa ajili ya usalama, na chuma hicho utakilipia wewe.

Skana, yaani mashine hiyo ya leza, hufanya kazi kwa namna iliyo rahisi kueleza. Hutoa mwale wa leza, mwale hugonga ukuta na kurudi, na mashine huhesabu muda uliopita. Mwanga husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja, basi ukuta ulio umbali wa mita 15 huurudisha mwale baada ya nanosekunde 100. Kioo kidogo kinachozunguka kwa kasi huupeleka mwale juu na chini huku kichwa cha mashine kikigeuka taratibu, na kazi hiyo hurudiwa mara laki kadhaa, na kwa mashine nyingine hata mara milioni mbili, kila sekunde. Kituo kimoja kilichokaa dakika chache kinaweza kutoa nukta milioni 40, kila moja ikiwa na mahali pake, nguvu ya mwanga uliorudi na, kamera ikitumika, rangi yake. Ukiunganisha vituo vyote unapata kile tunachokiita wingu la nukta, na humo ndani ghala lako linaonekana zima, pamoja na kreti za soda na pikipiki ya mlinzi.

Hapa ndipo wateja wengi wanapochanganya mambo. Wingu la nukta si modeli. Wingu halijui kwamba nukta hizi ni nguzo na zile ni mfereji wa maji. Linajua tu kwamba kitu fulani kipo pale. Lazima mtu aketi mbele ya kompyuta, alikate wingu vipande vipande, aitambue kila nguzo, boriti, papi na mlango, na kuvichora upya kama vitu vyenye jina, ukubwa na aina. Kwa ghala la ukubwa wa lako, kazi ya uwanjani huchukua siku moja au mbili, ilhali kazi ya mezani huchukua majuma, na fedha zako nyingi zitakwenda huko mezani. Kwa hiyo njia ya kupunguza gharama si kumkatalia mpimaji asilete mashine. Njia ni kuamua modeli hiyo itajibu swali gani.

Wewe unataka sakafu ya pili upande mmoja. Upande huo uchorwe kwa kina, pamoja na viungo vya nguzo na boriti, vitako vya nguzo, bolti na vyuma vya mshazari. Sehemu nyingine ya ghala itoshe kuonyesha maumbo makuu kwa vipimo vyake sahihi. Wataalamu hutumia vipimo viwili tofauti ambavyo ni vizuri vitajwe kwa jina katika mkataba. LOD hueleza kina cha modeli: 200 ni umbo la jumla, 300 ni kitu chenye ukubwa na mahali sahihi, 350 huongeza viungo na jinsi kitu kinavyoshikana na jirani yake. LOA, iliyotungwa na taasisi ya USIBD ya Marekani, hueleza usahihi: LOA20 ni kati ya milimita 15 na sentimita 5, LOA30 ni kati ya milimita 5 na 15. Nimewahi kuona mikataba inayodai "modeli yenye undani wote", maneno ambayo mwisho wake huwa ni ugomvi, kwa sababu mteja huyafikiria hadi kwenye skrubu na mchoraji huyafikiria hadi kwenye ukuta.

Dai pia ukabidhiwe wingu lenyewe katika faili la E57, ambalo programu nyingi hulisoma bila kujali kampuni iliyotengeneza skana, na modeli katika IFC, faili la modeli linalosomwa na programu mbalimbali, pamoja na faili la asili la programu iliyotumika. Ukipewa picha na PDF tu, umelipia ng'ombe ukakabidhiwa ngozi.

Tena usidhani leza huona kila kitu. Haioni msingi, haioni nondo zilizomo ndani ya zege, wala haijui chuma cha nguzo yako kina nguvu kiasi gani. Itabidi pachimbwe kando ya nguzo mbili tatu ili msingi uonekane, na hesabu zifanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Modeli humpa mhandisi maumbo, uzito anaukokotoa mwenyewe.

Na sasa daftari. Mkabidhi mpimaji orodha ya vipimo kumi kutoka kwenye daftari la fundi wako, hasa vile virefu, lakini umkabidhi baada ya modeli kuletwa. Vikikubaliana, umepata uthibitisho wa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea mwenzake. Visipokubaliana, wote wawili warudi ghalani pamoja.

Nichore jengo lilivyo au linavyopaswa kuwa?

*Shikamoo. Nina stashahada ya uchoraji wa majengo na huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Ofisi imenipa wingu la nukta la ghala la zamani lililoko Chang'ombe nilitengenezee modeli kwa programu ya Revit. Nguzo zinainama, boriti za paa zimelegea katikati, na ukuta mmoja una tumbo. Nikiichora nguzo wima, nukta zinatokeza nje ya chuma. Nikizifuata nukta, kila nguzo inakuwa ya aina yake na msimamizi analalamika kwamba faili limekuwa zito. Nifanyeje? — Mchoraji, Temeke*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii, na wengi hulikwepa kwa kuchora kila kitu wima na kunyamaza.

Fahamu kwanza kwamba Revit, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002, ilibuniwa kwa ajili ya majengo ambayo hayajajengwa. Inapenda mistari iliyonyooka, pembe za nyuzi 90 na nguzo zinazofanana kama mapacha. Ghala la Chang'ombe limegongwa na malori kwa miaka mingi. Ugomvi unaouona kwenye skrini yako ni wa vitu hivyo viwili, na kazi yako ni kuusuluhisha kwa kanuni inayojulikana kabla ya kuanza, wala si kwa kuamua nguzo kwa nguzo kadiri usingizi unavyokujia.

Kanuni ni kiwango cha kuvumilia. Tuseme mkataba umeweka milimita 15. Nguzo yenye kimo cha mita 8 ambayo kichwa chake kimetoka kwenye timazi kwa milimita 9 ichore wima, ikipita katikati ya nukta. Nguzo iliyotoka kwa milimita 35 ichore imeinama, kwa kuunganisha kitovu cha kitako chake na kitovu cha kichwa chake. Revit ina nguzo za mshazari kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo huhitaji kubuni aina mpya kwa kila moja. Kisha andika kiasi cha kuinama na upande inakoelekea ndani ya sifa za nguzo yenyewe, ili mhandisi akiibonyeza aone takwimu. Faili lako limekuwa zito kwa sababu umetengeneza maumbo maalumu ishirini mahali ambapo umbo moja la kawaida lingetosha, na katika hilo msimamizi wako yuko sawa.

Jambo la pili ni gridi. Ukikuta nguzo ziko umbali wa mita 5.97, 6.02, 6.01 na 5.98, utashawishika kuziweka zote kwenye mita 6 kamili. Mistari ya gridi iweke kwenye mita 6, kwa kuwa ndiyo nia ya mjenzi wa kwanza na ndiyo lugha ambayo watu watatumia kutaja nguzo. Nguzo zenyewe ziache zilipo. Mtu atakayekata chuma cha kuunganisha nguzo ya tatu na ya nne hatakishindilia ndani ya gridi yako, atakishindilia kati ya nguzo mbili halisi.

Kuhusu namna ya kulisoma wingu, likate vipande vyembamba vya sentimita 5 hadi 10, kama mtu akatavyo mkate. Wachoraji waliozoea nyumba hukata kipande cha ramani kwenye kimo cha mita moja na kitu, ambapo madirisha huonekana. Ndani ya ghala, kimo hicho kitakupa magunia na paleti. Kata kipande kimoja juu ya mizigo, ambako nguzo zinaonekana pande zote, na kingine chini karibu na sakafu, kisha uvilaze kimoja juu ya kingine. Tofauti kati ya vipande hivyo viwili ndiyo kuinama kwa nguzo, na utaiona kwa macho kabla hujaipima.

Sasa nikueleze mtego ambao hakuna programu itakayokuonya juu yake. Nguzo ya chuma ya aina ya 406×178 yenye kilo 54 kwa mita ina kina cha milimita 402.6, na bapa lake, yaani ule ubao wa chuma wa ukingoni, lina unene wa milimita 10.9. Ndugu yake wa kilo 60 ana kina cha milimita 406.4 na bapa la milimita 12.8. Tofauti ya kina haifiki milimita 4 na ya bapa haifiki milimita 2. Weka juu yake tabaka tatu za rangi, vumbi, na nukta ambazo kwenye kingo za chuma hutapakaa kwa sababu mwale mmoja hugonga nusu bapa na nusu ukuta wa nyuma, halafu uniambie ni ipi kati ya hizo mbili. Hutaweza, na mimi siwezi. Lakini orodha ya maumbo itakulazimisha uchague moja, na ukishachagua, jina hilo litasomwa na mhandisi kama ukweli uliopimwa. Ndiyo maana mpimaji hutakiwa kwenda na kalipa, kifaa cha kupimia unene, mfukoni, akwangue rangi kidogo kwenye ukingo wa bapa, apime unene mahali pasipogongwa, na kuandika namba ya nguzo. Ni nusu saa ya kazi. Kama haikufanywa, andika katika sifa za nguzo kwamba aina yake ni ya kukisia na unene haukupimwa.

Mikunjo ya mabati usiichore hata siku moja, na tundu la mabati lililotobolewa na kutu ni la kupiga picha tu. Papi zichore, lakini usichore moja na kunakili safu nzima bila kuangalia. Nimekwisha kuona ghala ambalo papi kadhaa za chuma karibu na mfereji wa maji zilibadilishwa kwa mbao, na modeli ikaonyesha chuma kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ukuta wenye tumbo uchore ulionyooka, kisha uambatishe ramani ya rangi inayolinganisha wingu na modeli, ambamo mahali palipotoka nje ya kiwango panaonekana pekundu. Sakafu nayo ipewe ramani yake, kwa kuwa maghala mengi ya Dar es Salaam yana ugomvi wa kudumu na maji ya masika, na mwenye ghala akiona kwamba kona ya kusini iko chini ya kizingiti cha mlango kwa sentimita 6 atakushukuru kuliko kwa nguzo zote ulizochora. Boriti za paa zilizolegea zipime katikati na kwenye mabega, uandike takwimu, na usimwamulie mhandisi kama kulegea huko ni kwa uzito ulioning'inizwa, kwa uchakavu, au kwa ujenzi wa tangu mwanzo.

Milimita 55 zimekwenda wapi?

*Mimi ni mpima ardhi. Niliweka alama nne za udhibiti nje ya ghala moja la Kurasini kwa kipokezi cha setilaiti, katika UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda) kanda ya 37 kusini, nikaunganisha skani 46 juu ya alama hizo. Ripoti ya programu ilisema makosa ya wastani ni milimita 3, nikafurahi. Msimamizi wangu akaupima urefu wa ghala moja kwa moja kwa totali stesheni, mashine ya wapima ardhi ya kupimia pembe na umbali, na kupata mita 140.000, wakati modeli yangu inasema mita 139.945. Skana ipelekwe kwa fundi? — Mpima, Kigamboni*

Skana iache. Kwanza tuondoe kosa ambalo silo, kwa sababu mimi mwenyewe limenikuta na lingeweza kumkuta msomaji mwingine.

Ghala ni jengo linalojirudia: fremu, mita sita, fremu, mita sita, hadi mwisho. Programu inayounganisha skani kwa kulinganisha maumbo hutafuta mahali ambapo nukta za kituo kimoja zinalala juu ya nukta za kingine, na katika jengo la namna hiyo zinaweza kulala vizuri kabisa mahali pasipo pake, fremu ya saba juu ya fremu ya nane. Katika kazi moja ya zamani nilipata ghala la mita 114 badala ya 120, na ripoti yangu pia ilisema milimita 3. Aliyeligundua ni mtunza ghala. Yeye huhesabu shehena zake kwa nguzo, na alipotazama modeli akasema kwa upole kwamba hapo katikati kuna nguzo moja haipo, maana kutoka mlango wa nne hadi wa tano kuna nafasi nne, na mimi nimeweka tatu. Tangu siku hiyo hubandika karatasi zenye namba kwenye nguzo kabla ya kuanza, huweka shabaha mahali pasipo na mpangilio, na hufunga mzunguko kwa kurudi kituo cha kwanza. Kosa la aina hiyo ni la mita sita, si la milimita 55, kwa hiyo lako ni jingine.

Lako liko kwenye ramani. UTM hukunja dunia kwenye karatasi, na ili makosa yasizidi pembezoni mwa kanda, vipimo vya katikati ya kanda hupunguzwa kwa kizidisho cha 0.9996. Katikati ya kanda ya 37 ni nyuzi 39 mashariki. Dar es Salaam iko nyuzi 39 na robo hivi, yaani karibu kabisa na mahali ambapo upungufu ni mkubwa kuliko kwingine. Kizidisho chako hapo ni kama 0.99961, zidisha kwa mita 140 na utaona milimita 55 zako zilipokwenda.

Utauliza kwa nini ripoti haikukuonya. Skana haibadili ukubwa wa skani. Kila skani ilibaki na urefu wake wa kweli. Alama zako za udhibiti ndizo zilizozisogeza skani zikaribiane, na kosa likagawanywa kati ya maungio yote, kila ungio likapata milimita moja au mbili ambazo hakuna jicho litakaloziona. Kwa sababu hiyo usilizidishe wingu zima kwa namba moja ili lirefuke, maana utaziharibu skani zilizokuwa sahihi. Zirudishe alama zako kwenye umbali wa ardhini: shikilia alama moja, shikilia mwelekeo wa kwenda ya pili, nyoosha umbali, kisha uunganishe skani upya. Andika kizidisho hicho kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ili anayetaka kurudi kwenye UTM apate njia.

Ukiwa hapo, isogeze pia asili ya modeli, yaani sifuri ya vipimo vyake, iwe kwenye kona ya ghala. Katika UTM, namba ya kaskazini ya Dar es Salaam huzidi mita milioni 9.2, na Revit huanza kuchora ovyo vitu vilivyo zaidi ya kilomita 16 hivi kutoka kitovu chake cha ndani. Na iwapo mteja atakuletea ramani ya zamani ya kiwanja, uliza kama imechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani, kabla ya kuilaza juu ya vipimo vya setilaiti, kwa sababu mifumo hiyo miwili inatofautiana hapa kwetu kwa mita 300 hivi.

Nyongeza moja ndogo: andika saa na joto la siku ya kupima. Chuma hurefuka kwa milimita 12 hivi kwa kila mita 100 joto likipanda nyuzi 10, na boriti zilizoshikana chini ya mabati ya saa nane mchana si zile za saa moja asubuhi. Milimita 10 za namna hiyo zikijitokeza kwenye ukingo wa paa, usimsumbue mtu.

Simu yangu ina lida. Haitoshi?

*Nimeona simu zenye kipimio cha leza nyuma yake. Je, siwezi kupima ghala letu la Mikocheni kwa simu, na paa nikalipima kwa droni? — Msimamizi wa mradi, Kinondoni*

Kipimio kilichowekwa kwenye iPad Pro na iPhone 12 Pro kuanzia mwaka 2020 hufika mita 5 hivi. Kwa ofisi ndogo ya karani iliyo ndani ya ghala kinafaa, na mimi hukitumia kukumbuka mahali swichi zilipo. Kwa paa la mita 9 hakifiki, na ukitembea nacho kwenye ghala refu makosa hujikusanya hadi kuta zinakataa kukutana.

Droni kwa upande wa nje wa paa ni wazo zuri, kwa kuwa skana iliyo chini haioni mgongo wa paa. Omba kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa wenye maghala ya Vingunguti na Kiwalani, ambao ndege hupita juu ya vichwa vyao, wasitarajie kwamba kibali hicho kitatoka haraka.

Je, mashine hii inadhuru macho, na tufunge kazi?

*Mimi ni mtunza ghala la unga Mbagala. Tumeambiwa wapimaji watakuja na leza. Wafanyakazi wanaogopa macho yao, na bosi anauliza kama lazima tusimamishe foklifti siku nzima. — Mtunza ghala, Mbagala*

Dada yangu, waombe wapimaji wakuonyeshe kibandiko kilichobandikwa kwenye mashine. Skana nyingi za sasa ni za daraja la 1 katika kiwango cha IEC 60825-1, na maana yake ni kwamba hazidhuru macho katika matumizi ya kawaida. Zipo za zamani za daraja la 3R. Hizo watu wasiziangalie kwa karibu, na wapimaji waweke uzio wa utepe. Wafanyakazi wana haki ya kujua ni ipi kabla haijawashwa.

Foklifti si lazima zisimame siku nzima, lakini zisipite mbele ya mashine inapozunguka, kwa sababu kila inayopita huacha mkia wa nukta hewani ambao mchoraji atautoa kwa mkono. Kubalianeni upande kwa upande: wao wakiwa njia ya kwanza, nyie pakueni njia ya tano. Unga ni tatizo kubwa zaidi kuliko foklifti. Vumbi linaloelea hurudisha mwale kabla haujafika ukutani, kwa hiyo fagieni jana yake jioni, si asubuhi hiyo, na msimwage maji sakafuni ili kulituliza, kwa kuwa sakafu yenye maji humrudishia mpimaji paa lililogeuzwa chini ya ardhi. Kama kuna paleti zinazoegemea nguzo na zinaweza kusogezwa nusu mita, zisogezwe kabla hawajafika. Vitako vya nguzo ndivyo hukosekana mara nyingi kwenye wingu, na wakivikosa watarudi tena kuwasumbua.